Kikwembe cha familia siku ya kumaliza kilio

Sisi wote wa Lubumbashi tunaijua ile siku. Kilio kimepita, miezi imeenda, sasa familia inakutana tena kwa kumaliza kilio, ni kusema kumuaga marehemu mara ya mwisho. Kunakuwa misa ao maombi, chakula, bia, muziki mpaka asubuhi. Na mbele ya yote kunakuwa swali moja: tutavaa nini? Kamati inachaguliwa, wamama wawili watatu wanaenda ku soko la Kenya (komini yetu, si ile nchi), wanarudia na mfano wa kitambaa na bei yake. Upande wa baba watavaa hiki, upande wa mama kile, wajukuu watavaa nyeupe na picha ya kambo ku kifua.

Ukiuliza sababu gani, utajibiwa: ni desturi ya wankambo. Sisi tulipotafuta kidogo, tuliona ya kuwa jibu hili si kweli yote.

Wankambo wetu walijua sana mambo ya nguo na kifo. Lakini nguo ilikuwa inaenda kwa maiti. Mfano mzuri ni wa Wakuba wa Kasai. Kwao wanaume wanafuma kitambaa cha rafia, wanawake wanakitia nakshi kwa sindano, kazi ya miezi na hata ya miaka, na ukoo unaweka zile nguo ndani ya masanduku. Siku ya kifo, ndugu wanazitoa, wanamvika marehemu, na nyingine wanamuzika nazo. Wanasema asipovaa vile, wale waliomtangulia hawatamtambua. Hapa mwenye kuvikwa ni mtu mumoja tu. Wengine wote wanatoa.

Kitambaa cha rafia kilikuwa vilevile mali: Wasongye walikitumia kama feza, na watu wengi walikitoa kwa mahari. Kuzika nguo ilikuwa basi kuzika utajiri, na kila mtu aliyesimama pale aliona ukoo umetoa kiasi gani. Kwa Waluba kulikuwa pia alama isiyo ya dukani: pemba, ule udongo mweupe, rangi ya usafi na ya roho za wazee.

Kiisha ikafika nguo ya ng'ambo. Katika karne ya 19, misafara ya pwani ilileta merikani mpaka Manyema, na mpaka Bunkeya kwa Msiri, aliyeuawa tarehe 20 Desemba 1891. Merikani ilinunua pembe za ndovu, shaba, na watu pia, tusifiche hilo.

Sasa inifomu yenyewe ilitoka wapi? Kwa mawazo yetu, ilizaliwa mu mji. Union Minière ilianzishwa mwaka 1906, Elisabethville ikafuata mwaka 1910. Mwanzoni kampuni iliita wanaume peke yao. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1920 ndipo ilipoanza kutaka wafanyakazi wakae na bibi na watoto mu kambi. Mtu wa Kasai alijikuta nyumba kwa nyumba na mtu wa Luapula na mtu wa Maniema. Akifariki, ukoo wake uko mbali. Nani atamlilia? Majirani, watu wa kazi moja, watu wa chama. Baada ya vita vya 1914-1918 vilikuwa vimekwisha kuingia vyama vya mbeni, vyenye kucheza ngoma kwa mfano wa gwaride, na vyeo, na mavazi ya namna moja. Wanachama walisaidiana kwa ugonjwa na kwa maziko. Watu ambao hawakuwa wa damu moja walijionyesha ni wamoja kwa njia ya nguo. Hapa tunaona mbegu ya inifomu yetu: ilikuwa ya watu wasio na familia karibu, ndiyo sababu walijitengenezea moja.

Utawala wa Mobutu ukaongeza. Chama cha MPR kilizaliwa mwaka 1967, na kutoka mwaka 1971 na 1972, wakati wa "authenticité", suti na kravati zilikatazwa, wanaume wakavaa abacost, na kikwembe kikawa vazi la heshima la mwanamke wa Zaïre. Utexafrica ya Kinshasa na Sotexki ya Kisangani zilichapa vitambaa nchini mwetu. Wale waliocheza animasioni wanakumbuka: mamia ya watu, kitambaa kimoja, sura ya raisi ku kifua na ku matako (samahani, lakini ndivyo ilivyokuwa). Abacost ilikwisha kuwa lazima tarehe 24 Aprili 1990. Mazoea ya kuvaa namna moja yakabaki kwetu, na picha ya marehemu ikakaa pale palipokuwa picha ya raisi.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya njaa. Mishahara ilichelewa, na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliacha kazi kwa mpango wa kuondoka kwa hiari. Ungefikiri inifomu itakufa. Hapana, ilizidi. Mtu aliyepoteza kazi hakutaka kuonekana amepoteza jamaa pia.

Kwa familia yetu tulilipa bei ya jambo hilo. Siku ya kumaliza kilio cha kambo yetu mwanamke, kamati ilichagua wax ya bei kali, yadi 6 kwa kila mama. Mama mudogo wetu, yule aliyemuuguza kambo, kumuogesha na kumulisha kwa kijiko mpaka mwisho, hakuweza kununua. Alifika na kikwembe cha kila siku. Hakuna aliyemfukuza. Lakini wakati wa kupiga picha tulimtafuta mbele, hayuko. Alikuwa nyuma ya nyumba, ku masufuria. Akatuambia: "Mi sina na kikwembe ya famii, naikala huku tu." Ile picha iko ukutani mpaka leo. Ndani yake wako watu ambao kambo hakuwajua hata jina.

Tunaandika haya si kwa kuchekelea inifomu. Inapendeza, tunaipenda, na mtu akiona wajukuu mstari mzima anajua marehemu hakufa bure. Lakini tusiseme wankambo walituamuru. Wao walimvika marehemu kwa mali ya wote, na hatujasikia popote ya kwamba mlezi wa mgonjwa alikaa nyuma juu ya kukosa rafia.

Mwaka uliofuata tulikuwa na kilio kingine. Baba mukubwa alisimama mu mkutano, akasema tutanunua yadi 6 tu kwa familia nzima. Tayeri alizikata vipande 12: wamama wakafunga ku kichwa, wanaume wakafunga ku mkono, na kila mtu alivaa chini nguo aliyokuwa nayo. Mama mudogo alikaa mstari wa kwanza. Wasichana wetu walinung'unika wiki mbili ya kuwa picha haikutoka muzuri.