Kodi, ada au tozo: nani apange bei ya barabara?

Shehena ya viazi inapotoka Masereka kuteremkia Butembo, mwenye mali hutenga pesa za njiani, na pesa hizo zote huziita kwa jina moja: bariere. Alicholipa kwenye kituo cha FONER, mfuko wa taifa wa matengenezo ya barabara, akapewa karatasi yenye namba na muhuri ni bariere. Noti iliyokunjwa ikaingia kiganjani mwa mwenye bunduki ili ateremshe kamba, nayo ni bariere. Jeto, ile tiketi ya njiani aliyokatiwa mbele kidogo, bariere vilevile. Neno la Kifaransa la kizuizi limekuwa jina la mti uliolazwa njiani, la mahali penyewe na la pesa inayotoka mfukoni.

Sina ugomvi na mkopo huo. Kiswahili chetu cha Kivu kimekopa mengi na kimenufaika. Shida yangu ni kwamba bariere haimwambii mlipaji jambo analohitaji zaidi kulijua: nani ameamua kwamba alipe, na kwa nini kiasi hicho. Mwaka 2017 watafiti wa taasisi ya IPIS walihesabu vizuizi 798 katika Kivu ya Kaskazini na ya Kusini. Vingine vilikuwa vya idara za serikali, vingine vya jeshi, vingine vya makundi ya waasi. Mjini na vijijini pia tumewahi kusikia malipo yaliyopewa jina la lala salama, yaani ulipe ndipo usinzie bila kuvamiwa. Jina tamu kama hilo juu ya kitisho linaonyesha jinsi maneno yanavyoweza kutumika kutufumba macho.

Waswahili wa zamani waliyajua malipo ya njiani. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipofika Ugogo ililipa hongo kwa watawala wa huko: doti za merikani na kaniki, ushanga, nyaya za shaba. Halikuwa neno la aibu. Mgeni alipita katika nchi ya watu, akanywa maji ya visima vyao katika nchi kavu, akalipa. Ubaya ulikuwa kwenye bei, kwa sababu haikuandikwa popote. Msafara ungeweza kukaa siku kadhaa ukibishana, na kilichokubaliwa na mtawala huyu hakikumfunga mwenzake wa mbele. Leo fungua kamusi yoyote: hongo ni rushwa. Naamini neno liliharibika hivyo kwa sababu iliyo wazi. Malipo ambayo bei yake inapangwa na yule yule anayeyapokea, papo hapo, hayawezi kubaki na jina zuri kwa muda mrefu.

Tuna maneno gani basi? Kodi ni ile ambayo raia hulipa kwa nchi bila kudai kupewa kitu papo hapo. Ushuru tumeuchukua kwa Waarabu, kwao ukiwa sehemu ya kumi ya mali, na sokoni na mpakani Kasindi bado unaeleweka bila maelezo. Ada nayo ni ya Kiarabu, na asili yake ni desturi; leo ni malipo ya huduma uliyoiomba, kama ada ya shule. Tozo ndilo neno lililozaliwa nyumbani. Linatokana na kutoza, na kutoza ni kumfanya mtu atoe. Napenda ukweli wake, kwa kuwa linakiri kwamba mlipaji hakujitolea.

Mtu atasema hayo ni mambo ya wapenda kamusi. Hapana. Katika nchi yetu jina la malipo ndilo linaloamua nani apange bei yake. Katiba ya 18 Februari 2006, kifungu cha 174, inasema hakuna kodi itakayowekwa isipokuwa kwa sheria, maana yake kwa kura ya wabunge. Lakini peaji, malipo ya kupita barabarani, haikuandikwa kwenye kundi la kodi. Mfuko wa FONER uliundwa kwa sheria ya 7 Julai 2008, na mapato yake yamewekwa upande wa malipo ya utumiaji: fungu kubwa limo ndani ya bei ya mafuta ya gari, jingine linakusanywa barabarani. Kwa malipo ya aina hiyo, Bunge hukubali kwamba yawepo, kisha kiwango hupangwa kwa arete, waraka uliosainiwa kwa pamoja na waziri wa Fedha na waziri mwenye sekta. Kwa hiyo dereva wa Fuso hulipa akijaza mafuta, hulipa tena akifika kituoni, na mara zote mbili mbunge wake hakuulizwa kuhusu kiasi.

Hoja ya kuiita peaji ada ni kwamba unalipia ulichochagua kutumia. Nairobi hoja hiyo inasimama. Barabara ya juu ya kilomita 27.1, iliyoanza kazi mwaka 2022, ina barabara ya kawaida chini yake, na asiyetaka kulipa huvumilia foleni. Kampala nako, anayekwenda Entebbe anaweza kushika barabara ya zamani. Huko Uganda barabara mpya ilifunguliwa Juni 2018, na magari yakapita bure mpaka 8 Januari 2022. Kwanza ilipitishwa Sheria ya Barabara ya 2019, viwango vikatangazwa, gari dogo shilingi 5,000, ndipo vibanda vikaanza kupokea. Wafanyabiashara wetu wanaopitia Kasindi kwenda Kampala wanaweza kuona tofauti kwa macho yao.

Lakini kati ya Beni na Butembo lori lenye tani za mzigo litachagua nini? Barabara ya taifa namba 2 ndiyo hiyo hiyo. Ukiikwepa unaingia vijia ambavyo motari mwenyewe na pikipiki yake huvipita kwa shida wakati wa mvua, na ambako usalama hauna mdhamini. Malipo usiyoweza kuyakwepa si ada. Yamesogea karibu na kodi, na kwa haki yanapaswa kuifuata kodi hadi bungeni.

Sisemi wabunge wakae Kinshasa wakibishana juu ya faranga za kila pikipiki. Waziri anaweza kubaki na kiwango. Wawakilishi washike neno jingine tulilo nalo tayari, kikomo: bei isiyoweza kuvukwa bila kurudi kwao. Tanzania mwaka 2021, ilipoanzisha tozo ya miamala ya simu, sheria iliweka kikomo cha shilingi 10,000 kwa muamala na waziri akapanga ngazi kwa kanuni. Wananchi walipolalamika, walijua mlango wa kubisha hodi, na viwango vikapunguzwa mwaka huo huo. Kenya ina njia yake. Sheria yake ya 2013 kuhusu kanuni inamtaka waziri afikishe kanuni zake bungeni ndani ya siku 7 za vikao, na Bunge linaweza kuzifuta.

Kwetu hitaji ni kubwa zaidi. Tangu hali ya dharura ya kijeshi ianze 6 Mei 2021, bunge la jimbo la Kivu ya Kaskazini lilisimamishwa, na gavana mwanajeshi akashika madaraka. Mwanzoni mwa 2025, Goma, makao makuu ya jimbo, ilipotekwa, serikali ya jimbo ilihamia Beni. Hivyo malipo yanayowekwa na jimbo yamekosa baraza lililochaguliwa la kuyapima, katika miaka ambayo kilo ya viazi inabeba gharama za vita kabla haijafika sokoni.

Waheshimiwa wa Beni, Butembo na Lubero mlioko Kinshasa, iiteni peaji tozo ya barabara, mwandike kikomo chake ndani ya sheria, na mdai kila kituo kibandike bei, tarehe ya arete na jina la mfuko unaopokea, kwa Kiswahili na kwa Kinande. Nanyi wasafiri, pasipo na bango hilo, ombeni karatasi kabla ya kutoa pesa.