Ushahidi Ulioota

Tarehe 24 Machi 1882, mjini Berlin, Robert Koch alitangaza kuwa amegundua bakteria wa kifua kikuu. Hadubini peke yake isingetosha kuthibitisha hilo. Nguvu ya hoja yake ilitoka kwenye seramu ya damu iliyogandishwa kwa joto: humo aliwaotesha bakteria, wakaanza kuonekana katika wiki ya pili, kisha akawadunga simbilisi, nao wakaugua.

Lipo swali la haki: kwa nini maabara za leo ziendelee kuotesha makohozi kwa wiki kadhaa, ilhali vipimo vya vinasaba hujibu kwa saa chache? Kwa mgonjwa, haraka ni uhai, na vipimo hivyo vitangulie. Hata hivyo, vinasaba vya bakteria aliyekufa navyo husomeka. Anayeota yu hai, na huyo ndiye anayeweza kujaribiwa kwa kila dawa.