Rogue na mbegu ya mahindi

Kule Mulungwishi, nikiwa nangojea kazi kisha lisansi yangu ya kilimo, njo nilijifunza mchezo mmoja wa zamani: Rogue. Michael Toy na Glenn Wichman waliutunga karibu 1980 kwenye chuo kikuu cha California, Santa Cruz. Ken Arnold akauendeleza pamoja na Toy kule Berkeley, ukaenea pamoja na Unix ya kule.

Hauna picha. Wewe ni alama ya @, maadui ni herufi, kuanzia A mpaka Z. Unashuka shimoni kutafuta hirizi ya Yendor, halafu unapanda nayo.

Kila kitu kinangoja zamu yako, sawa vile kisolo cha wazee wetu. Lakini ukikufa, njo mwisho: hakuna kurudi nyuma. Na shimo linapangwa upya kila mara, kwa hiyo kukariri njia hakusaidii.

Mwaka ule nilipanda mahindi yangu yote kwa mvua ya kwanza. Mvua ikakatika, mbegu ikaisha. Nilikuwa nimecheza vibaya, kumaliza vyote siku moja. Mwaka wa pili nilipanda nusu, nusu nikaweka. Mvua ilikatika tena. Nikapanda ile nusu, na nikavuna.