Kivuko cha Likoni na Aljebra ya Aina

Msomaji, ukipata kusimama kivukoni Likoni asubuhi, tazama jinsi wavukao wanavyotengwa. Haulizwi mtu jina wala atokako. Hutazamwa umbo la kijacho. Aendaye kwa miguu hupita bila nauli. Gari hulipa kwa kadiri ya ukubwa wake.

Tuseme sasa waandika programu ya kompyuta ya kuifanya kazi hiyo. Uyagawe magari kwa ukubwa wa namna 3, na kila moja ama limelipiwa ama halijalipiwa: 3 mara 2 ni 6. Mwongeze aendaye kwa miguu, asiyekuwa na ukubwa wala risiti ya kuulizwa, na hali zote ni 7. Neno “na” limezidisha, neno “au” limejumlisha; ndiyo maana aina za namna hii huitwa za kialjebra.

Lugha nyingi za kwanza za kompyuta hazikuwa na njia salama ya kusema “au”. Mwaka 1965 Mwingereza Tony Hoare alitia katika ALGOL W alama ya “hakuna kitu”, iwezayo kukaa mahali pa kitu kinachotarajiwa. Programu ikimdai mwenda kwa miguu risiti ya gari, hukuta pengo, ikaanguka. Mwaka 2009 Hoare mwenyewe alikiri hadharani kuwa lile lilikuwa kosa, akalikadiria hasara ya dola bilioni moja. Si mabingwa wengi wakirio hivyo.

Dawa ilipikwa Edinburgh, Uskoti. Mwaka 1980 Rod Burstall, David MacQueen na Don Sannella walitangaza lugha iitwayo Hope, jina walilolitwaa katika uwanja wa Hope Park Square. Humo mwandishi hutaja kwanza maumbo yote ya kitu, kisha huandika kanuni kwa kila umbo. Standard ML ikairithi njia hiyo, na Haskell ikafuata mwaka 1990. Siku utakapoongeza mkokoteni katika maumbo yako, kompyuta yaweza kukuonyesha kila mahali ulipousahau, kabla programu haijaanza kazi.

Lugha za sokoni zilichelewa. Python ilipokea ulinganishaji wa maumbo mwaka 2021. Java ikaukamilisha katika toleo la 21, mwaka 2023, miaka 43 baada ya Hope. Java hukataa programu iliyosahau umbo la aina iliyofungwa. Python yenyewe hunyamaza, na mkokoteni ukapita langoni bila kuhesabiwa.