Buni

Buni ni tunda la mti wa mbuni, yaani mti wa kahawa, ambalo watu aghalabu hulihesabu miongoni mwa matunda madogo yenye nyama laini, ilhali wanazuoni wa mimea huliweka pamoja na embe na zeituni kwa sababu ya gamba gumu lililozisitiri mbegu zake. Tunda laini hasa, kwa hukumu yao, ni nyanya, zabibu na hata ndizi, kauli ambayo yamkini itamchekesha mkulima wa Meru aliyezungukwa na migomba. Tunda lililoiva huwa jekundu, na likibinywa kwa vidole hutoa punje mbili zenye utelezi, zilizogusana kwa ubapa. Mara nyingine punje huwa moja tu, ya mviringo, nayo hutengwa katika daraja ya PB (peaberry). Wafanyabiashara wa Kenya, kadhalika, huita mbuni ile kahawa iliyoanikwa juani pamoja na maganda yake bila kuoshwa, na bei yake ni duni.

Enzi za ukoloni nchini humo, Waafrika wa Meru na Embu waliruhusiwa kuipanda kahawa katika miaka ya 1930. Adui wa tunda hili ni chulebuni, maradhi ya kuvu yaliyogunduliwa Kenya mwaka 1922, ambayo hulitia tunda bichi mabaka meusi yaliyodidimia. Mbegu ya Ruiru 11, iliyotolewa mwaka 1985, huyahimili. Jina hilo ni la Ruiru ya Kiambu, wala si la Ruiri ya Meru.