Kambi za Misafara na Ukarimu wa Mukama wa Karagwe

Katika karne ya 19, njia ndefu ya miguu iliyotoka pwani ya Bahari ya Hindi iligawanyika ilipofika Unyanyembe, karibu na Tabora ya leo, tawi moja likielekea Ujiji na jingine likipanda kaskazini kupitia Usui hadi ufalme wa Karagwe, ambako lilivuka Mto Kagera, uliojulikana kwa wasafiri kama Kitangule, na kuingia Buganda. Mengi yameandikwa kuhusu pembe za ndovu na nguo zilizopita humo, lakini mahali ambapo mpagazi alilaza ubavu wake usiku hapakutiliwa maanani vya kutosha.

Aliyechagua mahali pa kulala porini alikuwa kirangozi, yaani kiongozi aliyetangulia mbele ya msafara, naye aliangalia kwanza maji, kisha kuni. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walitua mizigo, wakakata fito na kuziezeka nyasi, na palipokuwa na hofu ya simba au wezi walizungusha boma, yaani ua wa matawi ya miiba. Vibanda hivyo vilirithiwa na msafara uliofuata, ingawa kibanda kikuukuu kilikuwa na hatari yake, kwa kuwa papasi, wadudu wanaonyonya damu na kuambukiza homa, hujificha katika vumbi la sakafu.

Karagwe, hata hivyo, malazi yalikuwa jambo la utawala zaidi kuliko la pori. Mwaka 1861 wapelelezi kutoka Uingereza, John Hanning Speke na James Augustus Grant, wakiongozana na mkalimani wao Sidi Mubarak Bombay, walitaabishwa Usui kwa wizi na kwa madai ya hongo, yaani ushuru ambao watawala waliwatoza wapita njia, lakini walipoingia Karagwe walipokewa na mjumbe wa Mukama, yaani mfalme, Rumanyika, aliyekuwa na amri kwamba wakuu wa vijiji wawape wageni chakula kwa gharama ya Mukama mwenyewe, bila hongo. Walipofika Bweranyange, makao makuu ya ufalme, mwezi Novemba, walipewa hiari ya kukaa ndani ya ikulu, nje yake, au katika kituo cha wafanyabiashara cha Kafuro. Walichagua nje, penye mandhari ya ziwa ambalo walilipachika jina la Windermere, ziwa la kwao Uingereza, jina ambalo wenyeji hawakuwa na haja nalo. Kambi hiyo iligeuka kuwa mahali pa kuuguzia, kwani Grant, aliyepatwa na kidonda kibaya cha mguu, aliachwa hapo Speke alipoondoka Januari 1862, akahifadhiwa na Rumanyika hadi Aprili.

Kafuro, kituo cha Waarabu na Waswahili, kilitengwa na ikulu, na inaelekea mpangilio huo ulimfaa Mukama, aliyeweza kufaidi biashara yao bila kuwafanya majirani wa ua wake. Mpelelezi Henry Morton Stanley alipopita mwaka 1876 alimkuta huko Hamed bin Ibrahim, tajiri wa ng'ombe, watumwa na pembe, kisha akaenda Mtagata, katika wilaya ya Kyerwa ya sasa, kwenye chemchemi za maji moto ambako wagonjwa walikuja kuoga wakitafuta nafuu.

Mji wa Bukoba ulipoanzishwa na Emin Pasha, aliyewatumikia Wajerumani, mwaka 1890, na reli ya Uganda ilipofika Kisumu mwaka 1901, mizigo ya nchi za Ziwa Viktoria ilianza kusafirishwa kwa meli, na njia ya wapagazi ikapoteza kazi yake. Mwaka 2019 Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe zilitangazwa kuwa hifadhi za taifa, na wageni wa miguu wanatarajiwa tena. Wanaopanga njia na kambi za wageni hao wangefanya vyema kuanza na Bweranyange, Kafuro na Mtagata, na kuweka vibao vyenye majina ya wenyeji waliopokea wageni kabla ya majina ya waliopokewa.