Kuchoma CD, na kuifunga

Kwenye steshenari za Katesh na Mbulu mjini, kazi zinazofanywa ndani huandikwa mlangoni: kutoa kopi, kuprinti, laminesheni, picha za pasipoti, kuchoma CD. Hiyo ya mwisho hakuna anayeuliza maana yake. Mwanafunzi aliyemaliza ripoti ya mradi wake huingia na flashi mkononi, akasema "naomba unichomee hii," akalipa, akaondoka. Wenye shida hiyo wamepungua, maana kazi nyingi siku hizi hutumwa kwa barua pepe, lakini bado viko vyuo vinavyotaka ripoti iliyojalidiwa ifuatane na CD. Na neno lenyewe ni zuri kuliko tunavyolidhania.

Mimi nilianza kulifikiria Basotu. Nilikuwa nafanya mradi wangu wa chuo juu ya malisho ya Wadatoga na mashamba makubwa ya ngano yaliyofunguliwa Hanang miaka ya 1970 kwa msaada wa Kanada. Niliporudi kumpelekea mzee mmoja nakala ya picha zake na mazungumzo yetu, aliipokea ile CD, akaigeuzageuza juani, akauliza imeandikwaje.

"Imechomwa, mzee."

Nilijiandaa kumweleza kwamba hakuna kilichoteketea. Hakunipa nafasi. "Kama ndama? Kwa chuma cha moto? Basi hiyo haifutiki, mwanangu."

Haifutiki kweli. Mzee alikuwa ameshika kiini cha jambo kabla yangu, kwa sababu yeye na mifugo yake wanaijua alama ya moto tangu zamani, kabla hata ya sheria ya mwaka 2010 ya utambuzi wa mifugo. Kwake kuchoma hakukuwa kuharibu. Kulikuwa kuandika mahali ambapo mvua haifuti.

Sasa tuingie ndani ya diski yenyewe. CD za kwanza, zile ambazo Philips na Sony walizitoa sokoni mwaka 1982, hazichomwi. Kiwandani hutengenezwa bamba lenye vinundu vidogo mno, plastiki iliyoyeyushwa ikashindiliwa juu yake, na vinundu vikaacha mashimo. Hiyo ni kupiga chapa, kama gazeti linavyopigwa chapa: bamba moja, nakala maelfu. Diski tupu ya kuandikia mwenyewe ilikuja mwaka 1988, kazi ya kampuni ya Kijapani Taiyo Yuden. Hiyo ina plastiki yenye unene wa milimita 1.2, juu yake utando wa rangi maalumu, juu ya rangi utando wa madini unaong'aa kama kioo, na mwisho varnishi ya kukinga. Kwenye plastiki kumechorwa mfereji unaozunguka kutoka katikati kwenda ukingoni, kama mkeka wa ukindu unavyoanza kushonwa. Ukiunyoosha, mfereji huo unazidi kilomita 5.

Mwali wa leza hupita juu ya mfereji huo. Unaposoma huwa hafifu. Unapoandika huongezewa nguvu, nao hupasha rangi joto mahali padogo kuliko jicho linavyoweza kuona, rangi ikabadilika na isirudi tena ilivyokuwa. Palipoguswa panarudisha mwanga kidogo, pasipoguswa panang'aa, na kwa mpishano huo kompyuta inasoma herufi, picha na sauti. Hakuna moshi wala majivu, lakini moto upo.

Chuma cha ng'ombe hufanya mambo mawili kwa pamoja, hushindilia na huunguza, na sisi tunayaita yote mawili "kupiga chapa". Kwenye CD mambo hayo yametengana: kiwanda kimechukua kushindilia, steshenari imechukua moto. Kwa hiyo tunapotofautisha CD iliyopigwa chapa na CD iliyochomwa tunasema ukweli wa kifundi, na tunausema kwa maneno ambayo yule mzee hahitaji kutafsiriwa.

Kuna zaidi. Wazo la kuchoma diski lilitujia kutoka Kiingereza, ambacho neno lake hapa lina moto peke yake. Letu lina moto na ncha. Nyama huchomwa, jua huchoma, lakini mwiba nao huchoma, na muuguzi wa Haydom humchoma mtoto sindano. Leza ni vyote viwili, joto lililonolewa mpaka likawa ncha ya sindano. Aliyekuwa wa kwanza kusema "nichomee CD" huenda alitafsiri tu, ila neno alilolishika lilieleza kazi hii vizuri kuliko lile alilotoka nalo.

Katika wilaya zetu hili lina uzito. Nyumbani watu wanazungumza Kiiraqw, chenye asili ya Kikushi. Kidatoga, cha Kiniloti. Kinyaturu na Kinyiramba, vya Kibantu. Na bonde la Yaeda lina Kihadza, ambacho hakijathibitishwa kuwa na ndugu. Kiswahili ndicho kinachotukutanisha gulioni. Istilahi inayohitaji mtu ajue kwanza mzizi wake wa Kiarabu au wa Kibantu itabaki vitabuni. Hii imetoka jikoni na zizini, na kila mtu ana jiko.

Hata hivyo sikubali "kuchoma" limeze maneno mengine. Kunakili ni kuhamisha maandishi au faili kutoka mahali hadi mahali, na hufanywa hata kwa kalamu. Kudurufu ni kutoa nakala nyingi kutoka asili moja. Walimu wa zamani walidurufu mitihani kwa stensili mpaka vidole vikawa vyeusi. Kuchoma ni kile kinachoipata diski. Mwanafunzi anaweza kunakili faili zake zote kwenye kompyuta ya dukani na bado asiwe amechoma kitu. Na anayechoma CD mbili za ripoti moja amedurufu, jambo ninalolisisitiza kwa wanafunzi ninaowasimamia tangu tope la Mlima Hanang liingie Katesh tarehe 3 Desemba 2023 na kuchukua watu na nyumba: CD mbili, miji miwili.

Neno ambalo hatulisemi kabisa, na ambalo lilinigharimu, ni la hatua ya mwisho. CD yangu ya mradi ilifunguka vizuri dukani ilikochomwa. Chuoni haikufunguka. Kompyuta ilidai ni diski tupu, na mimi nikaonekana nimeleta ahadi badala ya kazi. Nilirudi njia nzima kuichoma upya, na umeme ukakatika katikati. Diski iliyokatishwa hivyo huwa imekwisha, kwa kuwa moto hauna kurudi nyuma.

Ile ya kwanza haikuwa tupu. Wakati wa kuchoma, kifaa huweka kumbukumbu ya muda ya kilichoandikwa, mahali ambapo visomaji vya kawaida havitazami. Kazi ikiisha kinapaswa kuchoma orodha ya yaliyomo, karibu na katikati, kwenye mwanzo wa mfereji. Bila orodha hiyo kifaa kilichochoma kinajua kilichomo, na kingine hakijui. Programu nyingi zina kitufe cha hatua hii, kwa Kiingereza, na vijana wetu wanakiruka kwa sababu hakina jina midomoni mwao.

Napendekeza tuseme kufunga, kwa maana ile ya mweka hazina wa ushirika anayefunga hesabu. Tena hesabu zina viwango viwili, na diski pia. Unaweza kufunga ya mwezi na mwezi ujao ukaendelea kuandika: kilichochomwa kinasomeka popote na nafasi iliyobaki, kati ya megabaiti 700 za diski, bado ni yako. Au unafunga ya mwaka, na hakuna tena kinachoongezwa. Ripoti ya chuo ifungwe ya mwaka.

Nimeanza kulitumia Katesh. Kijana ninayempelekea kazi za wanafunzi alinitazama mara ya kwanza nilipomuuliza, "Umeifunga?" Akaingiza mkono kutafuta kasha. Nikamwonyesha kitufe. Mwezi uliopita nilimkuta anamwambia binti wa chuo, "Subiri dada, nimechoma lakini sijafunga." Diski ilipotoka aliigeuza, akachukua kalamu ya wino wa maji, ile isiyotafuna varnishi, na karibu na tundu, kwenye mduara wa plastiki usio na rangi ya kuchomwa, akaandika: *imefungwa*.